L ya Ledio

Siku ya tatu baada ya mbuzi kuondoka, Kilonzo bado alikuwa hajauchoka utani wake.

"Mama Wanza," alisema akifunga kamba za buti, tayari kwenda shifti ya mchana kule kiwandani Athi River, "hiyo sahani yako tutaikama saa ngapi? Niambie mapema nilete sufuria."

"Nenda kazini, Baba Wanza."

"Na ikizaa? Ikizaa mapacha tutawalisha nini? Sindano?"

Nduku alimrushia kibonge cha uzi wa buluu, uzi wa sweta za shule, kikamgonga kifuani. Wote wawili wakacheka. Ndivyo Kilonzo alivyokuwa. Hasira yake yote aliitoa kwa mdomo, kama mzaha, na mzaha ukiisha neno limekwisha. Wanza, mwenye miezi kumi na mmoja na meno manne, alicheka pia kwa sababu mama yake amecheka.

Ila mzaha huo ulikuwa na mfupa ndani. Mbuzi yule hakuwa wa Kilonzo, na kwa haki hakuwa wa Nduku pia. Mama yake Nduku alimleta kutoka Kathiani wiki ile Wanza alipozaliwa, akimvuta kwa kamba mpaka kwao hapa Mumbuni, akamfunga mlangoni na kusema, "Huyu ni wa mjukuu wangu, asije akakosa maziwa." Na Nduku amempeleka Kyumbi, kwa mwanamume anayeuza makabati makuukuu kando ya barabara, akambadilisha na santuri moja isiyokuwa hata na jalada.

Mwaka ulikuwa 2001, na santuri zilikwisha kuwa takataka machoni pa watu. Dunia ilikuwa ya kaseti, wenye uwezo wakianza kununua sidii. Wauza karanga walikuwa wamegundua kwamba sahani hizo zikilowekwa kwenye maji moto hukunjika zikawa bakuli. Watu waliozitafuta kwa ajili ya muziki mjini Machakos ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole cha mwisho kilikuwa Nduku.

Alianza kwa bahati tu. Akiwa na mimba ya Wanza alipeleka redio kutengenezwa kwa Wambugu, fundi aliyetoka Nyeri miaka mingi iliyopita na kufungua kibanda nyuma ya soko. Siku hiyo Wambugu alikuwa amewasha pleya yake ya santuri, na gitaa la roki lilikuwa linapiga mayowe kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua na papo hapo akakumbuka kwamba hakuipenda. Nduku alisimama akisikiliza mpaka miguu ikavimba. Tangu hapo kila Jumapili baada ya kanisa alipitia pale. Nyumbani hakuwa na pleya. Alikuwa na albamu kumi na moja ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, na juma zima alizisoma tu kama barua, akingoja Jumapili azisikie.

Wambugu alimfundisha kujua feki. Na Nduku, ambaye kutwa alishinda kwenye mashine ya kufuma akitafuta kwa ncha ya kidole mahali uzi uliporuka, alifundishika upesi.

"Wanaoiga hawana jalada la asili," Wambugu alimweleza siku moja. "Wanapiga picha jalada kuukuu, wanachapa upya. Sasa kama lile kuukuu lilikuwa na mkunjo, mkunjo nao unaingia kwenye picha. Utauona, lakini ukipitisha kidole hakuna kitu. Laini kama shavu la huyu mtoto. Jicho hudanganywa, Mama Wanza. Kidole hakidanganywi."

"Na kama haina jalada?"

"Soma lebo. Kampuni ya kweli haikosei maandishi. Feki huchapwa kwa haraka, kwa uficho. Ukiona herufi imekosewa, kimbia."

Sheria hizo mbili Nduku alizishika kama amri. Ndiyo maana alipoinua ile santuri kule Kyumbi na kuisoma lebo yake, moyo ulimpiga mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha, na ya pili kwa shaka.

Furaha, kwa sababu ilikuwa ya bendi aliyoitafuta kuliko zote. Vijana wanne wa hapa hapa Machakos, waliopiga roki kwa Kikamba katikati ya miaka ya sabini, wakatoa albamu moja, wakasambaratika. Mama yake alikuwa akivumisha wimbo wao mmoja kila alipokama au kupepeta maharagwe, bila maneno, mdomo umefungwa. Kabla hajaolewa, mama alifanya kazi kwenye hoteli walikokuwa wakipiga Jumamosi. Zaidi ya hapo hakusema kitu. Ukimwuliza habari za bendi, mara chumvi imekwisha, mara kuku wameingia shambani.

Na shaka, kwa sababu lebo ilisema IVETI LOKI.

Loki. Kwa L.

Kama kuna herufi mbili zilizomtesa Nduku duniani, ni hizo. Ulimi wa Kikamba hauijui R. Jioni tatu kwa juma alikuwa akienda masomo ya watu wazima katika ukumbi wa kanisa, akijitayarisha kwa mtihani ambao wenzake waliufanya wakiwa watoto, na kila daftari lilirudi likiwa limejaa maduara mekundu: lafiki, balua, halusi. "Nduku," Mwalimu Ndunge humwambia, Mkamba mwenzake aliyeushinda ulimi wake mwenyewe, "mtihani haumjui mama yako. Ukiona kosa, usilionee haya. Lisahihishe." Basi Nduku akawa mtu wa kuziona L na R kila mahali, kwenye vibao vya maduka, kwenye kanga, hata kwenye mawe ya makaburi.

Muuza makabati hakutaka mjadala. "Mbuzi ama uache," alisema. "Kuna mtu wa bakuli za karanga anakuja saa tisa kubeba zote."

Hilo la bakuli ndilo lililomshinda. Akamtoa mbuzi.

*

Jumapili aliipeleka kwa Wambugu, imefungwa kwa kitambaa cha sweta, Wanza mgongoni. Walikuwepo watu wawili watatu waliozoea kukaa pale baada ya kanisa. Wambugu aliifungua, akavaa miwani, akaisogeza mwangani. Kisha akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka.

"Loki! Mama Wanza, hii imechapwa na nani, shangazi yako?"

Waliokuwepo wakaangua kicheko.

"Baba Shiru, usinicheke," Nduku alimwambia Wambugu, akiiga ulimi wake wa Kikikuyu. "Wewe mwenyewe juzi uliniambia unaenda nyumbani kurara."

"Mimi narara vizuri, sina shida." Wambugu alipanda kistuli, akatoa juu ya rafu albamu iliyovikwa nailoni ngumu. Kila mtu pale aliijua, na hakuna aliyewahi kuigusa. Alipotaka kuipiga aliichomoa sahani peke yake kwa juu, jalada likabaki ndani ya nailoni kama maiti wa heshima. Jalada lilikuwa na picha tu, vijana wanne mbele ya milima ya Iveti, na pembe moja yenye mkunjo. Lebo ya sahani ilisema wazi: IVETI ROKI.

"Hii nilipata Nairobi, miaka kumi imepita," Wambugu alisema. "Unaona? R. Yako ni feki, mama. Pole. Umetoa nini?"

Nduku alimkaza Wanza mgongoni. Mmoja wa waliokaa, jirani yake wa Mumbuni, akamsemea: "Mbuzi!"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza.

"Hebu basi tuipige tu," Nduku aliomba.

Wambugu akatikisa kichwa. "Feki zina mchanga, zinakula sindano. Na sindano siku hizi hazipatikani."

Aliporudi nyumbani alikuta ujumbe umeachwa kwa jirani: mama yake angekuja Jumamosi. Anataka kuona kama mbuzi ameshika mimba.

Nduku alikaa kitandani, santuri mapajani. Maziwa hayakuwa shida. Alikuwa akimfumia sweta jirani mwenye ng'ombe, na kikombe cha Wanza kilijaa kila asubuhi. Shida ilikuwa jambo moja tu, naye alilijua: atamwambia nini mama yake? Angeweza kusema, "Mwaitu, mbuzi wako nimemgeuza kuwa ule wimbo wako." Hilo lingesemeka kwa mama. Lakini kusema mbuzi amegeuka kuwa takataka yenye kosa la herufi, kosa lile lile analopigwa duara jekundu kila juma, hilo lisingesemeka.

Akaitazama ile L. Ilikuwa nyembamba, ya dhahabu juu ya wekundu. Kuigeuza R si kazi: kitumbo kidogo juu, mguu mmoja chini. *Ukiona kosa, lisahihishe.* Kalamu ya darasani ilikuwa pale juu ya daftari. Hakukusudia kumdanganya mtu, au labda alikusudia kidogo. Alichojua ni kwamba mkono ulitaka kurekebisha, kama unavyotaka kurudisha uzi ulioruka.

Ncha ya kalamu iligusa lebo.

"Ma!" alisema Wanza kutoka sakafuni, kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. Alikuwa amejivuta mpaka kwenye kibonge cha uzi na kukitia mdomoni, na nyuzi za buluu zilimning'inia kidevuni kama ndevu.

Nduku akacheka peke yake, akaweka kalamu. Kwenye kichwa cha L kulikuwa na nukta moja ndogo ya wino. Alilamba kidole akajaribu kuifuta. Haikutoka.

*

Hakungoja Jumamosi. Alhamisi asubuhi alimfunga Wanza mgongoni, akaenda Kathiani mwenyewe. Heri aibu uliyoifuata kuliko iliyokufuata.

Mama yake alikuwa uani akipepeta maharagwe, na ule wimbo ukimtoka puani. Aliwaona, wimbo ukakatika.

"Wakya, Nduku," mama alimsalimu.

"Aa, mwaitu."

Mama alimpokea mtoto, akampima uzito kwa mikono kama anayenunua kuku. "Amenenepa. Mbuzi anafanya kazi."

"Mwaitu, mbuzi hayuko."

"Amekufa?"

"Nimembadilisha."

"Na ng'ombe?"

"Na santuri."

Mama aliukanyaga ukingo wa ungo uliokuwa chini. Maharagwe machache yaliruka kutoka kwenye ungo, kuku wakayawahi. "Sema tena," alisema, "labda mtoto amenivuta sikio."

Nduku akasema yote, bila kupumzika, kwa Kikamba kilichochanganyika na kwikwi: ule wimbo wa kuvumisha, muuza makabati, bakuli za karanga, kikombe cha maziwa cha kila asubuhi, mzaha wa Kilonzo wa kukama na sufuria, kicheko cha Jumapili. Mwisho akaitoa santuri kwenye kitambaa. "Na sasa wanasema ni feki. Kwa sababu imeandikwa Loki. Kwa L."

Mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kujaza kifua kwa maneno ya kumgombeza, aliyaachilia yote bila kuyasema. Aliketi chini juu ya gunia.

"Imeandikwaje?"

"Loki, mwaitu."

"Ile takataka bado ipo duniani," mama akasema polepole. Akajifunika mdomo kwa ncha ya leso. Nduku alidhani analia, kisha akaona mabega. Alikuwa anacheka, kicheko kilichokaa ndani miaka ishirini na sita kikatoka na vumbi lake.

"Ni mimi," mama alisema. "Hiyo L ni yangu."

Wakati ule, alieleza, alikuwa msichana wa kaunta pale hotelini, na kaunta ndiyo iliyokuwa na simu. Mkubwa wa bendi, kijana aliyeitwa Ndunda, alipaswa kuwapigia wachapaji wa lebo kule Nairobi awape jina. Lakini alikuwa ameimba usiku kucha, sauti imekwisha kabisa. Akaandika kwenye karatasi, akampa yeye asome.

"Nikasoma. Yule mtu wa Nairobi akaniuliza, 'Umesema Loki?' Nikamwambia, 'Hapana, sikia vizuri. Si Loki, ni Loki!' Mimi sikioni mwangu naisikia sawasawa kabisa. Akasema, 'Dada, ni L?' Nikamwambia, 'Ii, ndiyo! L ya ledio!'"

Nduku alijishika mbavu.

"Usicheke! Masanduku yalipofika Ndunda alifungua moja, la pili, la tatu. Loki, Loki, Loki. Kuchapa tena walishindwa. Wakaziuza vile vile, zote. Na mimi wakanibatiza Ledio. Ledio, leta chai. Ledio, leta uma. Mwezi ulipoisha nikaacha kazi. Tangu hapo wimbo naupenda, lakini kuutaja siwezi."

"Zote, mwaitu? Hakuna hata moja ya R?"

"Ingetoka wapi? Simu ilipigwa moja."

Nduku aliiangalia lebo, na moyo ukampiga mara ya tatu. Kama za kweli zote zina kosa, basi aliyekuja kuiga baadaye, hodari wa herufi kama mwanafunzi wa Mwalimu Ndunge, ameona kosa akalisahihisha.

"Na ya mbuzi, mwaitu?"

"Ya mbuzi sijaisamehe," mama alisema, akirudi kwenye ungo. "Jumamosi nitakuja vile vile. Nikiisikia nitakuambia kama amekufa bure."

*

Jumamosi saa kumi walimkuta Wambugu peke yake, na Nduku alishukuru. Hakutaka watu wa Jumapili wawepo.

"Baba Shiru, huyu ni mama. Ana hadithi."

Mama aliisimulia kwa Kiswahili chake, amesimama wima kama shahidi. Alipofika kwenye L ya ledio Wambugu alitabasamu, lakini hakuinuka kwenye kiti.

"Hadithi ni nzuri, mama yetu," alisema. "Lakini kila mzazi humtetea mtoto wake."

"Ni kweli," Nduku alisema. "Basi tusimwulize mama. Tuulize kidole. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Wambugu alielewa mara moja. Ilionekana usoni kwamba ameelewa, na kwamba angependa asielewe. Alitazama juu ya rafu muda mrefu. Kisha akapanda kistuli, akaishusha albamu yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi akalivuta jalada lote nje ya nailoni.

Nduku aligeuka, akajifanya anampangusa Wanza makamasi. Hakutaka kumtazama mtu akipitisha kidole mahali kama pale.

Alisikia kidole kikipita kwenye jalada, kikarudi.

"Laini," Wambugu alisema nyuma yake. "Laini kama shavu la mtoto." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Miaka kumi, Mama Wanza. Miaka kumi nimekuwa nikirara na feki."

"Ukifanya nini?" mama aliuliza.

"Nikirara."

"Kulala!"

"Ndiyo, kurara!"

Mama alimtazama, akamtazama binti yake, na ghafla wote watatu walikuwa wameinamia kaunta wakicheka mpaka muuza viatu wa kibanda cha pili akaja kuchungulia. Wambugu ndiye aliyecheka sana, na kila alipojaribu kuacha alikumbuka, akaanza upya. Machozi alipoyafuta hayakujulikana yalikuwa ya nini, na hakuna aliyeuliza.

Akaichukua santuri ya Nduku kwa mikono miwili, sasa kwa heshima, akaichunguza kwa kioo cha kukuzia. "Na hii nukta ya buluu?"

Nduku aliona haya. "Hiyo ni yangu. Nilitaka kusahihisha."

"Mungu wangu," Wambugu akasema kwa sauti ya chini. "Usirudie. Usisahihishe kitu chochote tena bila kuniuliza."

Akabadilisha sindano, akaweka mpya, ile aliyoificha kwenye kopo la skrubu. Mkwaruzo ulianza, kama mahindi yakikaangwa. Kisha ngoma. Kisha gitaa likaingia kutoka upande, likapanda, likapanda tena mahali ambapo lilipaswa kushuka, na Nduku akaujua wimbo ambao maisha yake yote aliusikia ukiwa umefungwa mdomo. Kumbe ulikuwa na maneno. Kumbe ulikuwa na kelele zote hizi.

Mama hakuvumisha. Alisimama na mkono mmoja juu ya kaunta, kama siku zile, macho yakitazama mlangoni. Wanza alitikisika mgongoni mwa Nduku, akipiga teke bila mpangilio, akikaribia mpango.

Wimbo ulipokwisha mama alikohoa. "Yule mbuzi," alisema, "naye alikuwa na makelele. Hajafa bule." Akajifunga leso upya. "Mwambie Kilonzo tumeikama saa kumi, na sufulia imejaa."

Nduku alimshika mama yake mkono, ule wa juu ya kaunta.

Wambugu alinyoosha kidole kuinua sindano.

"Ludisha," mama akasema.

Fundi alimtazama juu ya miwani. Hakumsahihisha. Akaludisha.